Hanna Gerson Nnko, Mpishi wa Misiba ya Akheri

Siku ya Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, saa nne na nusu asubuhi, katika chumba cha daktari huko Dodoma, niliambiwa kwamba figo yangu haiwezi kutolewa akapewa dada yangu, na tangu saa hiyo familia yetu haikuwa na mtu mwingine wa kumpeleka apimwe. Naomba mniwie radhi kwa kuanza na siku hiyo badala ya siku ya kuzaliwa, kwa kuwa safari hii ya kumsindikiza, ambayo leo tunaimaliza, mimi naona ilianzia pale.

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, shemeji yangu Gerson, wapwa zangu Lilian na Anaeli, majirani na waombolezaji wote, mimi naitwa Mika Ebenezer Pallangyo, ni mdogo wa marehemu, kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake. Nitasoma polepole, na pale nitakaposimama naomba mnisubiri.

Hanna alizaliwa tarehe 20 Agosti 1966, hapa hapa Akheri, katika nyumba iliyokuwa juu ya mfereji, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ebenezer Pallangyo, mkulima wa kahawa na migomba, na mama yetu Namnyaki, aliyetokea kwa Waarusha wa Elerai, wakati Elerai ilikuwa bado mashamba. Alibatizwa mwezi Desemba mwaka huo huo, na akapata kipaimara mwaka 1981, katika kanisa hili hili ambalo jeneza lake litaingizwa mchana huu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1980, lakini katikati ya masomo hayo, tarehe 3 Mei 1979, mama yetu alianguka shambani akipalilia kahawa, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, na kabla ya jua kuzama akawa ametutoka. Siku hizo watu walisema amepigwa na upepo mbaya. Leo, baada ya yote niliyoyasikia hospitalini, nadhani ilikuwa presha, lakini hakuna aliyewahi kumpima, kwa hiyo hilo nitalijua mbele ya Mungu.

Hanna alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi nilikuwa na minane, na siku ya tatu baada ya mazishi, wageni walipoondoka na baba akakaa tu kwenye kigoda, yeye alifunga kanga ya mama, akawasha moto, akainjika makande. Alifanya kama alivyomwona mama akifanya, akachukua jiwe la magadi, akalitwanga, akaliloweka kwenye bakuli, akasubiri mashapo yatulie chini, kisha akamimina yale maji ya juu ndani ya chungu ili mahindi na maharage yalainike haraka na kuni zisiishe. Nilikula nikaomba tena, na ndiyo mara ya kwanza tangu msiba nilipomwona akitabasamu. Tangu siku hiyo mimi nimekuzwa na mkono wake, na kila mfupa nilio nao ameujenga yeye.

Mwezi Januari 1985, nilipokuwa naweza kujipikia mwenyewe, Hanna alikwenda mjini kufanya kazi ya upishi katika nyumba ya Mzee Manubhai, mfanyabiashara wa vitambaa, huko Kijenge, chini ya mkwe wa mzee huyo, Mama Sarla, ambaye yuko nasi hapa leo, amekaa pale mbele, na tunamshukuru. Mama Sarla alimfundisha dengu, chapati na kachori, na yeye Hanna akamfundisha Mama Sarla kupika ndizi. Mama Sarla ametuambia jana kwamba alikuwa akiwatania wageni wake, anawaambia kwamba wao wanaonja kwa kijiko na wanakosea, lakini huyu Mmeru anaonja kwa kiganja na hajakosea hata siku moja.

Hivyo ndivyo alivyoonja maisha yake yote, na wengi wenu mmemwona, anachota kwa mwiko, anadondoshea kiganjani, analamba, anafumba macho kidogo, kisha anasema bado au anasema tayari.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa takatifu na Bwana Gerson Nnko, fundi seremala na mkulima, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lilian aliyezaliwa Novemba 1989, na Anaeli aliyezaliwa mwaka 1994, na baadaye akawajalia mjukuu, Princess, mtoto wa Lilian, ambaye marehemu alimpenda kupita kiasi na hakuficha.

Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya sekondari ya bweni, na alifanya kazi hiyo hadi mwaka 2022, lakini sisi wa hapa tunamjua zaidi kwa kazi ambayo hakuajiriwa na mtu. Ukisikia mtu amefariki, kabla hata ya turubai kufika, Hanna alikuwa ameshafika na mwiko wake, na kipande cha magadi amekifunga kwenye pindo la kanga. Ni yeye aliyepanga mafiga, ni yeye aliyewagawia akina mama kazi, huyu amenye ndizi, huyu achambue maharage, na wanaume waliokaa kwenye moto wa nje walimchokoza kila msiba kwa maneno yale yale, Mama Lilian, unaonja au unashiba, naye akawajibu, "Mkikuta chungu kitupu mjue kilikuwa kitamu." Alipika msiba wa baba yetu mwaka 2003, machozi yakiingia kwenye moshi, na hakuruhusu mtu mwingine ashike mwiko.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa.

Mwezi Agosti 2011, wauguzi walikuja kupima watu baada ya ibada ya akina mama, na Hanna, ambaye hakuwa anaumwa kichwa wala kifua, alikutwa na presha ya juu sana. Alipewa dawa, akaambiwa ni za maisha, akaambiwa pia aache chumvi. Nataka mjue, kwa sababu yapo maneno yaliyosemwa, kwamba dada yangu alitii. Dawa zake alizimeza kila asubuhi na kikombe cha uji. Na kuhusu chumvi, alirudi nyumbani siku hiyo hiyo akatangaza kwamba katika nyumba hii chumvi imehama, na shemeji yangu alipojaribu kuficha pakiti moja kwenye banda la kahawa, aliiona, akammwagia ng'ombe, akamwambia, "Anayetaka chumvi akalambe na huyu." Shemeji ameniruhusu niliseme hilo, na juzi alipolikumbuka ndipo alipoweza kulia.

Lakini chakula bila chumvi kilikuwa kimepooza, na Hanna hakuweza kumpa mtu chakula kilichopooza, kwa hiyo akaongeza magadi. Aliongeza kwenye maharage, kwenye ndizi, kwenye mnavu, na alipopata kiungulia alikunywa yale maji ya magadi, kama wanavyofanya mama zetu wote. Wageni walisifu, wakasema chakula cha Mama Lilian hakina chumvi na bado ni kitamu, majirani wenye presha wakaja kujifunza, na sisi ndugu zake tulikula kwake kila Jumapili tukiamini tumekula chakula cha afya.

Kwa miaka mingi alikwenda kliniki, na kila alipopimwa presha ilikuwa bado juu, na kila mara aliulizwa, Mama, unatumia chumvi, naye akajibu kwamba hajaionja tangu mwaka 2011, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Waliomuuliza walimwamini kwa sababu hakuwa anadanganya. Wakaongeza dawa. Hakuna aliyemuuliza juu ya magadi, na yeye hakuwa na sababu ya kuyataja, kwa kuwa kwetu sisi chumvi ni chumvi na magadi ni magadi, hata sokoni Tengeru anayeuza hiki si lazima auze kile.

Tarehe 11 Julai 2022 miguu yake ilivimba hata viatu vya kazini vikakataa kuingia, akapelekwa hospitali mjini Arusha, na vipimo vikaonyesha kwamba figo zote mbili zimeharibika kwa kiasi kikubwa. Daktari alituketisha akatueleza kwamba ndani ya figo kuna vijishipa vyembamba sana vinavyochuja damu, na presha ikikaa juu miaka mingi vinakakamaa na kufa kidogo kidogo bila kuuma, na mtu anakuja kujua vikiwa vimebaki vichache. Alitibiwa kwa dawa kwa mwaka mmoja na nusu, na tarehe 15 Januari 2024 akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Alitoka Akheri umande ukiwa bado kwenye migomba, akarudi mchana akiwa hana nguvu hata ya kufungua kanga, na maji ya kunywa akawa anapimiwa kwa kikombe kidogo cha kahawa, mtu ambaye maisha yake yote alikaa kando ya moto.

Mwezi Machi mwaka huo, akiwa kwenye mashine, alijiwa na mtaalamu wa lishe, binti mdogo, mpole, ambaye hakumuuliza kama anatumia chumvi. Alimwomba amweleze anavyopika makande, tangu anapowasha moto hadi anapopakua. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Hanna alifurahi kuulizwa, akaeleza kama anayefundisha, akafika kwenye magadi, akaonyesha kwa vidole ukubwa wa jiwe. Yule binti akaacha kuandika, akamwambia kwa heshima, Mama, kile kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, kimo pia kwenye magadi, tena kingi.

Dada yangu alivikunja vile vidole alivyoonyeshea jiwe. Mashine ilikuwa inazunguka. Halafu akasema, "Kwa hiyo nimewalisha watu wote."

Daktari alikuja baadaye akamwambia asijihukumu, kwamba si magadi peke yake, kwamba presha ina mambo mengi, ipo pia ya kurithi, na mama yetu huenda alikuwa nayo. Hanna alimsikiliza na kumshukuru, lakini mimi namjua, hakumsikia.

Ndipo tukaanza kutafuta figo, kwa sababu tuliambiwa kwamba ndugu wa damu mwenye afya anaweza kutoa moja na akaishi, na hilo ndilo lililokuwa tumaini letu lote. Shemeji Gerson alijitolea wa kwanza, lakini ana kisukari. Anaeli damu yake haikupatana na ya mama yake. Lilian alipimwa mwezi Agosti 2024, akiwa hajafikisha miaka thelathini na mitano, hajawahi kulazwa hata siku moja, na akakutwa na presha ya juu kama ya mama yake alipoanza. Lilian alitoka pale akakaa kwenye ngazi za hospitali, na mama yake alipoambiwa, aliomba apelekwe nyumbani, akaingia jikoni, akatoa magadi yote yaliyokuwamo, akayatupa mferejini.

Nikabaki mimi. Nilifunga na kuomba miezi mitatu, na sikuomba mambo mengi, niliomba tu kwamba mwili huu ambao Hanna aliujenga kwa mkono wake uweze kumrudishia kipande kimoja. Nilikuwa na hakika Mungu ananisikia, kwa sababu vipimo vya damu vilipatana, na daktari mmoja akasema tumefanana kama mapacha. Nilikwenda Dodoma nikiwa nimeshamwachia mke wangu maagizo ya shamba. Tarehe 5 Februari, saa nne na nusu, nikaambiwa kwamba presha yangu iko juu, na kwamba figo zangu zenyewe zimeshaanza kuharibika, zinapitisha kwenye mkojo kitu ambacho hazipaswi kupitisha, na kwamba natakiwa nianze dawa siku hiyo hiyo. Sikuwa naumwa kitu. Nilikuwa nimekuja kutoa, nikaondoka nikiwa mgonjwa.

Nilirudi Akheri nikamweleza ukweli, kwa sababu alikuwa ananingoja mlangoni na asingekubali neno lingine. Aliniangalia sana, akasema, "Mika, mimi ndiye niliyekupikia." Nikamwambia, "Dada, ungeacha kunipikia nisingefika hapa." Akageukia ukutani. Hatukulizungumza tena, na sijui kama alinielewa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kanisa tangu utoto, nami siwezi kusimama hapa nikawaambia kwamba nimejibiwa. Niliomba kwa machozi na sikujibiwa. Bado naomba, kwa sababu sijui mahali pengine pa kwenda.

Miezi iliyofuata alikuwa na shughuli moja tu. Alizunguka kwa akina mama, akisimama anashika ukuta, akiwaambia wayaache magadi, wakapime presha, na wengi walimwitikia kwa upole kama anavyoitikiwa mgonjwa. Wengine walisema ugonjwa umemchanganya, bibi zetu walikula magadi wakazeeka. Mwezi Juni kulikuwa na msiba wa jirani yetu, akaomba apelekwe, akawekewa kiti karibu na mafiga, akakaa pale akilinda vyungu mpaka alipochoka. Akina mama walimheshimu, hawakutia kitu mbele yake. Walisubiri aondoke, kisha wakatia. Alijua. Njiani kurudi aliniambia kwamba ameisikia harufu ya magadi ikitufuata, na kwamba miaka yote hiyo yeye ndiye aliyewazoesha.

Mwanzoni mwa Septemba maji yalianza kujaa kwenye mapafu na moyo ukachoka. Mnamo Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa kwenye kitanda cha hospitali mjini Arusha, mkono mmoja ukiwa umeshikwa na Lilian na mwingine na mumewe, dada yangu alikata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mimi.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu tangu mwaka 2011, na hatuna neno juu ya yeyote kati yao, inawashukuru wauguzi wa chumba cha mashine waliomwita Mama na kumfunika blanketi alipotetemeka, na yule binti wa lishe aliyeuliza swali lililohitajika. Tunawashukuru walimu na wapishi wenzake wa shuleni, ambao leo wameleta masufuria makubwa ya shule. Tunamshukuru Mama Sarla na nyumba yake, waliomletea hospitalini kichuri chake, ule wali wa kupikwa na dengu, hakina chumvi wala magadi, na wakakaa wakala naye ili asile peke yake. Tunawashukuru majirani mliomsindikiza asubuhi zile za baridi, na washirika wenzake wa jumuiya.

Kuna jambo moja aliloliacha, na sisi tumelishika. Aliomba kwamba katika chungu cha msiba wake pasiingie magadi. Jana na leo akina mama wengi mmekuja nayo kwenye mapindo ya kanga, kwa mazoea, kama yeye alivyowafundisha, na Lilian aliyapokea langoni kwa heshima, yako kwenye beseni kule bandani, mtayachukua mkipenda, ingawa naomba msiyachukue. Maharage yameinjikwa tangu alfajiri, na nimeambiwa bado ni magumu kidogo. Yatakuwa hayana ladha mliyoizoea. Naomba myale hivyo hivyo, na mkitaka kunung'unika nung'unikeni, yeye angewajibu. Pale kwenye mizani ya kahawa wamekaa wauguzi wawili na mashine ya kupimia presha, na kila mmoja wenu, kabla hajapokea sahani, apite pale atoe mkono wake. Mimi nimeshapita. Lilian amepita. Hii ndiyo sadaka ambayo marehemu anaiomba kwenu, na hana nyingine.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemuumba Hanna na kumpa ule mkono, wewe unajua alitulisha kwa upendo na hakujua, nasi tulikula kwa upendo na hatukujua. Usimhesabie. Mfute machozi yale aliyoyageuzia ukutani. Mketishe mezani pako, apakuliwe na wengine, asiinuke kwenda jikoni, na mpe maji ya kunywa, Bwana, mpe kikombe kijae. Utuangalie na sisi tuliobaki na damu yake, utupe siku za kulea waliobaki. Dada Hanna, pumzika sasa, kwa ile amani ambayo mimi sikuweza kukupa. Amina.